John Wesley: miaka 13 ya kufunga na kuomba, moyo ukiwa baridi

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709, nyumba ya kasisi wa Epworth, kijiji cha wakulima mashariki mwa Uingereza, ilishika moto. Ilikuwa nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa nyasi, kwa hiyo moto haukuchelewa. Kasisi Samuel Wesley na mkewe Susanna walitoka nje na watoto, wakahesabu, wakakuta mmoja hayupo. Alikuwa John, mtoto wa miaka mitano, aliyeachwa amelala chumba cha juu. Baba alijaribu kurudi akashindwa, kwa sababu ngazi zilikuwa zinawaka. Akapiga magoti, akamkabidhi mtoto wake kwa Mungu kama mtu anayeaga maiti.

Wakati huohuo mtoto aliamka, akapanda juu ya sanduku lililokuwa karibu na dirisha. Watu waliokuwa nje wakamwona. Hapakuwa na muda wa kutafuta ngazi. Mwanamume mmoja akasimama chini ya dirisha, mwingine akapanda mabegani mwake, wakamtoa. Punde si punde paa likaporomoka ndani.

Mtoto yule ndiye John Wesley, ambaye jina lake hutajwa kila panapozungumzwa habari za Kanisa la Methodisti. Hakusahau usiku ule. Hata uzeeni alijiona kama kijinga kilichonyakuliwa motoni, mfano alioupata katika kitabu cha nabii Zekaria.

Tumeamua kuandika habari zake kwa sababu ya swali ambalo hutufikia mara kwa mara kwa ujumbe wa simu baada ya kipindi cha Jumapili asubuhi. Huja kwa maneno tofauti, lakini ni lilelile. Mtu anaomba, anafunga, ibada hakosi, sadaka anatoa, lakini ndani anasikia ukavu mtupu. Je, aendelee hivyohivyo, au aache kwanza mpaka moyo urudi? Wesley aliishi na swali hili miaka mingi, na mwaka 1740 liliwatenganisha yeye na rafiki zake wa karibu.

Mama na zamu ya Alhamisi

Susanna Wesley alizaa watoto 19, na kumi hivi ndio waliokua. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa kwanza. Mtoto akitimiza miaka mitano, alifundishwa herufi zote kwa siku moja, kisha akaanzishwa kusoma kitabu cha Mwanzo, mstari kwa mstari. Nyumba haikuwa na fedha, na baba aliwahi kufungwa gerezani kwa sababu ya deni, lakini ratiba ya mama haikuyumba. Kila jioni alikaa na mtoto mmoja peke yake, wakazungumza habari za roho yake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi. Alipokuwa mtu mzima na mwalimu wa chuo, alimwandikia mama yake akitamani kupata tena kipande kidogo tu cha jioni zile za Alhamisi.

Lipo jambo jingine kuhusu mama huyu. Majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, mumewe akiwa London kwa kazi za kanisa, Susanna aliendesha sala nyumbani kila Jumapili jioni kwa ajili ya watoto na watumishi wake. Majirani wakaomba kuhudhuria. Wakaongezeka hadi wakafika 200. Kasisi msaidizi akachukizwa, akamwandikia mzee Samuel, naye akamwandikia mkewe aache. Susanna alimjibu kwa adabu lakini bila kuyumba: kama kweli anataka aache, asimshauri bali amwamuru waziwazi, ili siku ya hukumu atakayeulizwa awe yeye mume. Mzee hakuendelea na jambo hilo. John alikuwa na miaka minane, na nyumba ilikuwa imejaa watu wanaoomba bila kasisi.

Kengele ya alfajiri

Mwaka 1720 alikwenda kusoma Oxford. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye akili, si mbaya wala si wa ajabu. Mabadiliko yalianza mwaka 1725, alipokuwa anajiandaa kuwa shemasi. Alisoma kitabu cha Askofu Jeremy Taylor kuhusu kuishi na kufa kitakatifu, akaamua kwamba hawezi kumpa Mungu nusu ya maisha. Akaanza daftari la kuandika jinsi anavyotumia muda wake, na kadiri miaka ilivyokwenda akawa anaandika saa kwa saa.

Jinsi alivyojifunza kuamka mapema ni habari aliyoisimulia mwenyewe uzeeni. Aliona kila usiku anashtuka katikati ya usingizi, anakaa macho. Akahisi kwamba labda analala kitandani muda mrefu kuliko mwili unavyohitaji. Akanunua saa yenye kengele, akaitega saa moja asubuhi, karibu saa nzima mapema kuliko alivyozoea. Usiku ule bado alishtuka. Kesho yake akaitega saa kumi na mbili, akashtuka tena. Akaitega saa kumi na moja, bado. Alipoitega saa kumi alfajiri, alilala usiku mzima bila kukatika usingizi. Tangu hapo aliamka saa kumi alfajiri kwa zaidi ya miaka 60. Tunaipenda habari hii kwa sababu haina muujiza wowote. Ni mtu na saa yake, anajipima kama mkulima anayejaribu shamba lipande lini.

Mwaka 1729 mdogo wake Charles, naye akiwa mwanafunzi palepale Oxford, alikuwa ameanza kukutana na wenzake wachache kusoma Agano Jipya kwa Kigiriki na kuomba. John akawa kiongozi wao. Walifunga Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri. Walishiriki Meza ya Bwana kila wiki, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Kuanzia mwaka 1730 walikwenda gerezani kuwatembelea wafungwa, wengi wao wa madeni, wakawalipia baadhi yao na kuwafundisha kusoma. Wanafunzi wengine waliwacheka, wakawabandika majina ya dhihaka. Jina moja lilishika: Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu.

Kuhusu fedha, Wesley aliandika baadaye habari za kijana mmoja wa kundi lile bila kumtaja, na wengi huamini alikuwa anajisema mwenyewe. Kijana huyo mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akatumia 28, mbili akagawa. Mwaka wa pili alipata 60, akatumia zilezile 28. Mwaka wa tatu 90, na wa nne 120. Matumizi hayakupanda. Kilichozidi kilikwenda kwa maskini.

Mpaka hapo, mtu akitazama kwa nje angesema huyu amekamilika. Lakini Wesley alijua kisichoonekana nje. Kila alipoongeza utaratibu, hofu haikupungua. Aliogopa kufa. Hakuwa na uhakika kama Mungu amempokea.

Dhoruba na Wajerumani walioimba

Oktoba 1735, miezi michache baada ya baba yao kufa, John na Charles walipanda meli kwenda Georgia, koloni jipya la Waingereza huko Amerika. John alikwenda kuwa kasisi wa wakoloni na alitumaini kuwahubiria wenyeji wa nchi. Alikiri pia kwamba sababu kubwa ilikuwa kuiokoa roho yake mwenyewe. Yaani, mhubiri alikuwa anakwenda kutafuta kile alichokuwa anakwenda kukitangaza.

Ndani ya meli walikuwamo Wamoravian kutoka Ujerumani, wanaume kwa wanawake na watoto. (Ni kanisa lilelile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo wasikilizaji wetu wa nyanda za juu kusini wanalijua vizuri.) Tarehe 25 Januari 1736, Wamoravian wakiwa katikati ya zaburi, wimbi lilipiga meli, likapasua tanga kubwa, maji yakamwagika ndani. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hawakuogopa, akajibiwa kwamba hawakuogopa, wala wanawake na watoto wao hawaogopi kufa.

Alipofika Georgia, kiongozi wa Wamoravian, August Spangenberg, alimwuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anamjua kuwa Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg akakubali, kisha akauliza kama anajua kwamba amemwokoa yeye. Wesley alijibu kwamba anajua, lakini baadaye aliandika kwamba aliogopa lilikuwa jibu la mdomoni tu.

Kazi ya Georgia ilimshinda. Aliwabana waumini kwa sheria za kanisa ambazo hata Uingereza zilikuwa zimesahaulika. Akampenda msichana mmoja, Sophia Hopkey, akasitasita kumwoa, msichana akaolewa na mwingine. Miezi michache baadaye Wesley alimnyima Meza ya Bwana hadharani. Alisema ni utaratibu wa kanisa, lakini watu waliona wivu, na hatuwezi kuwalaumu. Akashtakiwa mahakamani. Desemba 1737 aliondoka Georgia usiku, kesi ikiwa haijaisha. Kwa maoni yetu hapa ndipo nidhamu bila upendo ilipoonyesha sura yake mbaya: inageuka kuwa fimbo ya kuwachapia wengine.

Saa tatu kasoro robo usiku

Februari 1738 alifika Uingereza, na siku chache baadaye akakutana na kijana Mmoravian, Peter Böhler, aliyekuwa na miaka 25 tu. Wesley alimweleza kwamba ameona hana imani, kwa hiyo anafikiri kuacha kuhubiri. Böhler akamkataza. Alimshauri aihubiri imani mpaka aipate, na akishaipata ataihubiri kwa sababu anayo. Wesley akatii. Mtu wa kwanza aliyemhubiria ujumbe huo mpya alikuwa mfungwa aliyehukumiwa kifo.

Tarehe 21 Mei, Jumapili ya Pentekoste, Charles alipata amani akiwa kitandani mgonjwa. Siku tatu baadaye, Jumatano tarehe 24 Mei 1738, John alikwenda jioni kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London. Alikwenda bila hamu. Mtu mmoja alikuwa anasoma utangulizi ambao Martin Luther aliuandika kwa Waraka kwa Warumi. Ilipofika kama saa tatu kasoro robo usiku, msomaji akieleza jinsi Mungu anavyoubadili moyo kwa njia ya imani, Wesley alisikia moyo wake umepata joto la ajabu. Akajua kwamba anamtegemea Kristo peke yake, na kwamba dhambi zake mwenyewe zimeondolewa. Alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 35.

Wahubiri wengi wakisimulia habari za Wesley huishia hapo, watu wakasema amina. Sisi tunaona wanakata hadithi mahali pabaya. Usiku uleule aliporudi nyumbani alishambuliwa na majaribu, na asubuhi akajiuliza mbona hana furaha kubwa. Januari 1739, miezi saba baada ya Aldersgate, aliandika katika daftari lake kwamba yeye si Mkristo, kwa sababu haoni ndani yake upendo, amani na furaha inayodumu. Mwaka 1766, akiwa na miaka 63 na maelfu ya watu wakimfuata, alimwandikia Charles barua ya siri yenye maneno mazito ya mashaka juu ya moyo wake mwenyewe, huku akisema kwamba hawezi kuacha kuifanya kazi. Joto lilikuja kweli. Lakini halikukaa kiwango kimoja kwa miaka 53 iliyobaki.

Ugomvi wa mwaka 1740

Sasa tunafika kwenye lile swali la ujumbe wa simu.

Wesley na Wamoravian wa London walikuwa na ushirika wao katika njia ya Fetter Lane. Mwishoni mwa mwaka 1739 alifika mwalimu mmoja kutoka Ujerumani, Philipp Molther. Alikuta watu wenye kelele nyingi na hisia kali, akaona wengi hawana imani ya kweli. Dawa yake ilikuwa hii: asiye na imani kamili anyamaze mbele za Mungu. Asiende kwenye Meza ya Bwana, asijibidiishe kuomba, asisome Biblia kwa kutafuta neema, asitegemee matendo mema. Angoje tu. Akifanya hayo yote kabla ya kuwa na imani, atayategemea badala ya kumtegemea Kristo. Na mwenye shaka hata kidogo alihesabiwa kuwa hana imani.

Mafundisho hayo yalikuwa na mvuto, na tusiwadharau waliyoyapokea. Wesley mwenyewe alikuwa ushahidi wao. Si alifunga na kuomba miaka 13 akatoka mikono mitupu? Watu walianza kuacha kanisa. Wengine walisema sasa wamepata raha, maana mzigo wa kuomba umewatoka.

Wesley alikataa, na sababu zake ndizo zinazotufanya tumkumbuke. Alisema sala, Maandiko, kufunga na Meza ya Bwana ni njia ambazo Mungu mwenyewe ameziweka ili neema ipite. Maji hayatoki kwenye mfereji, yanatoka kwenye chemchemi. Lakini anayeuziba mfereji kwa sababu leo umekauka, kesho maji yakija yatapita wapi? (Mfano wa mfereji ni wetu, lakini hoja ni yake.) Kosa lake la Oxford, kwa jinsi alivyoliona sasa, halikuwa kufunga na kuomba. Lilikuwa kuhesabu kufunga na kuomba kama malipo. Mwenye kiu angoje, ndiyo, lakini angojee akiwa ndani ya njia hizo.

Alikuwa na ushahidi wa nyumbani pia. Mama yake Susanna, akiwa mjane wa miaka 70, alimweleza mwaka 1739 jambo lililompata wiki chache nyuma. Alikuwa anapokea kikombe katika Meza ya Bwana, kama alivyokuwa akifanya tangu ujana wake. Maneno yaleyale aliyoyasikia mara zisizohesabika yakampenya moyoni, akajua kwamba Mungu amemsamehe yeye. Kama angekuwa ameacha kwenda kwenye Meza mpaka apate uhakika, angeupatia wapi?

Tarehe 20 Julai 1740 Wesley alisimama Fetter Lane, akasoma karatasi fupi ya kueleza asichokubaliana nacho, akatoka. Watu kama 18 au 19 wakamfuata. Walihamia kwenye jengo bovu la London lililokuwa zamani kiwanda cha kuyeyushia chuma cha mizinga. Huko ndiko Susanna alikofia, mwaka 1742.

Peni moja kwa wiki

Kwa wakati huo Wesley alikuwa amekwisha kuanza kuhubiri nje. Rafiki yake George Whitefield, msemaji hodari kuliko wote wa kizazi kile, ndiye aliyemvuta. Wesley aliona ni jambo la aibu. Aliamini roho za watu ziokolewe ndani ya kanisa. Lakini tarehe 2 Aprili 1739, nje kidogo ya mji wa Bristol, alisimama mahali pa juu akawahubiria watu wapatao 3,000. Karibu na hapo, Kingswood, walikuwako wachimba makaa ya mawe ambao hakuna aliyejishughulisha nao. Mwaka 1742 alipofika Epworth, kasisi wa huko alimkatalia mimbari ya baba yake. Wesley akapanda juu ya kaburi la baba yake, lililokuwa uwanjani mwa kanisa, akahubiri jioni kwa jioni zaidi ya wiki.

Lakini kuhubiri kwa makutano hakukumridhisha. Aliona watu wanalia leo, na baada ya mwaka wamerudi walikotoka. Jawabu lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga: deni la jengo. Februari 1742 waumini wa Bristol walikutana kujadili deni la nyumba yao ya mikutano. Mmoja wao, nahodha aliyeitwa Foy, akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Akaambiwa wengine ni maskini, hawana. Akasema basi nipeni mimi watu 11 walio maskini, nitawatembelea kila wiki. Asiye na kitu nitamtolea.

Wakagawana hivyo, watu 12 kwa kila kundi. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, walikuta mengine. Huyu amerudia pombe, yule amegombana na mkewe, mwingine ana huzuni na hana wa kumwambia. Wesley akaona hapohapo kwamba hiki ndicho alichokuwa anakitafuta. Badala ya kiongozi kuzunguka, kundi likawa linakutana mara moja kwa wiki, na kila mmoja anaulizwa hali ya roho yake. Viongozi wengi walikuwa watu wa kawaida, mafundi, wachuuzi, na wanawake wengi miongoni mwao. Ni zamu ya Alhamisi ya Susanna, iliyotoka nyumbani kwake ikaenda kwa maelfu.

Kila baada ya miezi mitatu wanachama walikaguliwa na kupewa tiketi mpya. Machi 1743, mjini Newcastle, Wesley aliandika hesabu ya watu 64 aliowaondoa. Walevi walikuwa 17. Mmoja alikuwa anampiga mkewe. Watatu walikuwa waongo wa mazoea. Lakini kundi kubwa kuliko yote, watu 29, waliondolewa kwa uzembe na kutojali. Hawakuwa wameanguka katika dhambi ya kutisha; walikuwa wamepoa tu, na hawakuona ubaya wa kupoa. Sisi tunaona ni ukali, hasa kwa mtu aliyewahi kupoa mwenyewe. Ila inaonyesha alikiogopa nini zaidi.

Wale wachimba makaa wa Kingswood walimfundisha jambo. Zamani usiku wa Jumamosi waliumalizia kwenye vilabu vya pombe. Walipookoka, waliugeuza usiku huo kuwa wa sala na nyimbo. Baadhi ya watu walimshauri Wesley awakataze, yeye akaamua kwenda kukesha nao. Akaweka mkesha mara moja kwa mwezi, Ijumaa iliyo karibu na mbalamwezi, ili watu wa mbali waweze kurudi kwa mwanga wa mwezi. Msikilizaji wa kijijini hahitaji kuelezwa busara ya hilo.

Tarehe 11 Agosti 1755, London, aliwaita waumini kulifanya upya agano lao na Mungu. Watu wapatao 1,800 walisimama kukubali. Baadaye likawa jambo la kila mwaka. Ibada hiyo ya agano bado hufanyika kwa Wamethodisti, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka. Pwani ya Kenya walifika mwaka 1862, pale Thomas Wakefield alipoanza kazi Ribe, karibu na Mombasa.

Barabarani, na nyumbani

Kwa zaidi ya miaka 50 alisafiri, sehemu kubwa juu ya farasi, hatamu akiziachia shingoni mwa mnyama ili asome kitabu njiani. Hukadiriwa kwamba alikwenda maili 250,000, yaani kilomita 400,000 hivi, na kuhubiri mara zaidi ya 40,000. Alipigwa mawe, alivamiwa na makundi ya wahuni. Mwaka 1746 alianzisha London zahanati ya bure, na mfuko wa mikopo midogo kwa maskini wa kurudisha ndani ya miezi mitatu, kitu ambacho akina mama wetu wa VICOBA wangekielewa bila maelezo. Mwaka 1774 alitoa kijitabu cha kulaani biashara ya watumwa.

Nyumbani hakufaulu. Mwaka 1751 alimwoa mjane, Mary Vazeille, kwa haraka, akaendelea kusafiri kama vile hajaoa. Aliamini mhubiri akioa asipunguze hata hotuba moja. Mke alijaribu kufuatana naye, akachoka, akawa na wivu na hasira, mwishowe akamwacha. Alipofariki mwaka 1781, Wesley alipata habari baada ya mazishi. Wapo wanaomlaumu mke peke yake. Sisi tunasema ratiba iliyoweza kupanga usingizi, chakula na kila pauni haikumwachia mtu mmoja jioni yake ya Alhamisi.

Januari 1785, akiwa na miaka 81, aliona maskini wa London wanahitaji nguo pia, si chakula tu. Alitembea kwa miguu siku kadhaa katika theluji iliyoyeyuka, maji yakimfika vifundoni, akibisha hodi kuomba michango. Alipata pauni 200. Aliugua baada ya hapo, na hakujuta.

Hotuba yake ya mwisho aliitoa tarehe 23 Februari 1791. Kesho yake aliandika barua kwa mbunge William Wilberforce, kumtia moyo asiache kupigania kukomeshwa kwa utumwa. Tarehe 2 Machi akafariki London, ana miaka 87. Waumini waliokuwa kwenye makundi yake Uingereza na Ireland walizidi 70,000.

Fedha nyingi zilizotokana na vitabu vyake zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Katika wosia alikataza gari la maiti na mapambo ya mazishi. Aliagiza jeneza lake libebwe na watu sita maskini, na kila mmoja apewe pauni moja. Alizikwa alfajiri kabla mji haujaamka, ili umati usijae.